Binoche, Mwanadada Aliyemtosa Spielberg

Msomaji wangu, hebu sema kweli. Steven Spielberg akupigie hodi, akupe nafasi kwenye filamu yake kubwa, utamjibu "samahani, nina kazi nyingine"? Mimi ningekubali kabla hajamaliza salamu!

Lakini Juliette Binoche, nyota wa Ufaransa, alimtosa. Filamu yenyewe ni Jurassic Park, ile ya madinosa, iliyotoka 1993 na kuingiza zaidi ya dola milioni 900. Mwenzetu alikuwa ameshampa neno Krzysztof Kieslowski wa Poland, akabaki Ulaya kucheza Trois couleurs: Bleu. Humo hakuna dinosa wala mbio. Kuna mama aliyefiwa na mume na mtoto katika ajali ya gari, anajaribu kuishi upya. Basi.

Washkaji niliowawekea mkanda huo walilala. Mimi usingizi ulikata. Kuna pale anapotembea huku akikwaruza vidole kwenye ukuta wa mawe. Halii, hasemi kitu, lakini nilijikuta nimeushika mkono wangu mwenyewe.

Usidhani dada huyu alianzia juu. Alizaliwa Paris 1964, wazazi wakaachana angali mdogo, akapelekwa shule ya bweni. Kabla jina halijavuma aliwahi kuwa keshia dukani. Kilichomtoa ni Rendez-vous ya mwaka 1985.

Je, kumtosa Spielberg kulimponza? Wapi! Bleu ilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike Venice, 1993. Machi 1997 akanyakua Oscar kwa kucheza nesi katika The English Patient. Wengi walimtarajia Lauren Bacall, naye Binoche vilevile, hata hotuba hakuandaa! Mwaka 2010 akabeba tuzo ya Cannes. Kichekesho ni kwamba 2014 alionekana kwenye Godzilla. Madude yakampata hatimaye!

Kwa nini nimemkumbuka wiki hii? Shangazi amenipatia kibarua cha ukeshia, anataka jibu Jumatatu. "Mwanangu, makala hazipikwi," ananiambia. Kweli, hazipikwi, na kodi ya chumba hainisubiri. Lakini mbona Binoche alikaa kwenye keshi na filamu akazipata?

Basi shangazi, kazini nitakwenda. Ila ukurasa huu siuachi, mhariri nimeshampa neno.

Tuonane wiki ijayo!