Sauti ya Mfanyabiashara ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wazazi wengi wametuuliza. Wanafunzi hujipanga makundi, humwalika mfanyabiashara wa mtaani, humhoji, hurekodi mazungumzo na kuyatoa yasikilizwe kwa simu. Kazi hiyo huitwa podikasti. Jina hilo lilijitokeza mwaka 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza. Ama kumsikiliza mjuzi na kuyahifadhi maneno yake, hilo si geni kwetu.

Tumeitazama Kibera, jijini Nairobi, kwa sababu vijana wa huko wametangulia katika njia hii. Wenyeji wake wa kale ni Wanubi, ndugu zetu Waislamu, kizazi cha askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza. Mwaka 1918 eneo lao lilitangazwa rasmi kuwa ekari 4,197. Hati waliyokabidhiwa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Katika miaka yote hiyo, habari za Kibera aghalabu zilisimuliwa na wageni, nao waliona matope na mabati tu. Ndipo wakazi walipoanza kujisemea wenyewe. Redio ya Pamoja FM ilianza mwaka 2007. Mwaka 2009 vijana wa Map Kibera walichora ramani ya vijiji vyao, na mwaka uliofuata wenzao wakaanzisha Kibera News Network ya habari za video. Taasisi ya Tunapanda nayo hufunza vijana teknolojia na biashara, na mtandao wake umeunganisha shule za mtaani. Hivyo mwanafunzi wa Kibera anaposhika kinasa sauti, hashiki chombo kigeni.

Kazi yenyewe hugawanywa. Mmoja hutafiti, mwingine huandika maswali, wa tatu huhoji, wa nne husimamia sauti, wa tano huhariri. Chini ya paa la bati, mvua ikinyesha hakuna linalosikika. Kwa hiyo hutafuta chumba kitulivu na kutundika mablanketi ukutani ili mwangwi ufe. Hayo ni mepesi. Lililo zito ni maswali.

Tuseme mgeni wao ni mama anayeuza mandazi Makina. Akiulizwa siri ya mafanikio yake, atajibu kuwa ni bidii na subira, na hapo msikilizaji hakufaidika. Lakini akiulizwa mfuko mmoja wa unga humpa mandazi mangapi, mtungi wa maji anaununua kwa bei gani, mtaji wa kwanza aliupata katika chama au kwa mkopeshaji wa riba, na juma alilopata hasara watoto walikula nini, hapo darasa limeanza. Mwanafunzi atatambua kwamba fedha zilizomo kikapuni jioni si faida yote; ndani yake mna unga wa kesho, mafuta, makaa na kodi ya kibanda. Wapo watu wazima waliofilisika kwa kutolijua hilo.

Hapa ndipo inapoingia amana. Mama huyo akizama katika mazungumzo aweza kutaja deni lake, au kumtaja anayemdai, au kufichua jambo la ndani ya nyumba yake, kisha kesho akajuta. Neno likishatoka halirudi, na likishaingia simuni halina mipaka. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahimiza ridhaa ya mwenye habari, na kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Nasi tuna mizani yetu ya kale zaidi. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, na wanavyuoni wa hadithi walimchunguza kila mpokezi mmoja mmoja. Mhariri akikata maneno hata maana ikapinduka, amesema uongo kwa sauti ya mtu mwingine. Na anayeuchagua unyonge wa mgeni peke yake ili wasikilizaji walie, amemvunjia heshima mtu aliyejitafutia riziki ya halali.

Wako wazee wanaosita binti zao kuwa wahoji. Tunawajibu kwa upole. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa Makka. Bibi Aisha (r.a.) alipokea na kufikisha hadithi 2,210, na masahaba wakubwa walimwendea kuuliza. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Kishafii ni kwamba sauti ya mwanamke si uchi, maadamu hapana fitina. Binti asizuiwe, bali apewe adabu: awe pamoja na kundi lake na mwalimu, mahali pa wazi, mlezi akiwa na habari, na mazungumzo yawe ya maana. Akina mama wafanyabiashara aghalabu humfungukia msichana zaidi kuliko mvulana. Akinyamazishwa yeye, na hao wamenyamazishwa.

Rai yetu ni kwamba madrasa na shule zetu za Mombasa, Malindi na Lamu ziifuate njia hii. Tunao mafundi wa majahazi, washonaji wa kofia za vito na mama wa viazi karai ambao hesabu zao hazijapata kuandikwa popote. Simu moja yatosha kuanza. Tunasisitiza mambo matatu: mgeni aelezwe mapema maneno yake yatakwenda wapi, asikilizishwe kazi iliyokamilika kabla haijatolewa, na akitaka neno liondolewe, liondolewe bila ubishi, kisha wanafunzi wamrudie kumshukuru, wakinunua bidhaa yake kwa bei kamili.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu ndimi za kweli na masikio ya kusikiliza. Amin.