MZIGO SI WANGU: JE, SHERIA INASEMAJE?



Siku moja mama mmoja alifika kwenye zahanati yetu. Kichwa kilimwuma na usingizi hakupata. Nilimpima shinikizo la damu, nikaona limepanda. Nilipomwuliza habari za nyumbani, alianza kulia. Mwanawe mwenye miaka 19 alikuwa mahabusu. Mtu fulani alimpa kifurushi akipeleke mjini kwa basi, akamwahidi shilingi 10,000. Njiani polisi walikifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na bangi.

Mama aliniuliza, "Daktari, mzigo ule si wa mwanangu. Mbona anashtakiwa yeye?"

Wengi wetu tungeuliza hivyo. Hebu tuangalie sheria ya Tanzania inasema nini.

Nchini kwetu iko Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Sheria hii inakataza kulima, kuweka, kuuza, kununua, kusafirisha na kutumia dawa za kulevya. Bangi na mirungi zimo. Mirungi inaruhusiwa Kenya, lakini ukivuka nayo mpaka kuingia Tanzania ni kosa.

Je, kupatikana na dawa za kulevya maana yake nini? Si lazima ziwe zako. Mahakama huangalia mambo mawili. Kwanza, je, kitu kilikuwa mikononi mwako, au mahali unapopatawala, kama nyumbani, ghalani au shambani? Pili, je, ulijua ni kitu gani? Kusema tu "sikujua" hakutoshi. Mahakama itauliza: Aliyekupa ni nani? Kwa nini akulipe fedha nyingi kwa mzigo mdogo?

Tena, kubeba mzigo wa namna hiyo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kusafirisha. Adhabu yake ni kubwa. Kusafirisha bangi kunaweza kumfunga mtu miaka 30. Ikizidi kiasi kilichowekwa na sheria, kifungo ni cha maisha. Mwenye shamba anayemruhusu mwingine kulima bangi, naye anashtakiwa.

Wapo wanaoweka majani ya bangi ili watibu kuku. Sheria haitambui sababu hiyo. Kuku wako wachanjwe chanjo ya mdondo. Mwulize Afisa Mifugo.

Zipo pia dawa za hospitali zinazodhibitiwa, kama mofini na diazepamu. Ukiandikiwa na daktari, meza kama ulivyoelezwa na utunze cheti chako. Usimgawie jirani.

Je, ukikamatwa au ukipekuliwa ufanye nini?

1. Usikimbie wala usipigane.

2. Upekuzi ufanyike mbele ya shahidi. Vitu vilivyochukuliwa viandikwe kwenye hati. Isome hati hiyo kabla ya kuitia sahihi. Hapa ndipo kusoma kunapokusaidia. Kama kuna neno hulielewi, uliza.

3. Una haki ya kuambiwa kosa lako, na ya kuwasiliana na ndugu au wakili.

4. Usitie sahihi maelezo usiyoyasoma.

5. Kitu kilichokamatwa hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ili kipimwe. Katiba yetu inasema kwamba mtu hahesabiwi kuwa mkosaji mpaka mahakama imwone ana hatia.

Kama huna fedha za wakili, watafute wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mtendaji wa kijiji anaweza kukuelekeza.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Usibebe mzigo uliofungwa ambao hukuona ukifungwa. Mwambie mwenye mzigo aufungue mbele yako. Akikataa, nawe kataa. Waeleze vijana wako jambo hili leo, kabla hawajasafiri.

Na kama nyumbani kwako yuko mtu aliyeshindwa kuacha bangi, mlete zahanati. Kazi yetu ni kutibu, si kukamata. Bangi huweza kuharibu akili, hasa ya kijana anayeanza mapema.

Yule mama nilimpa dawa, na shinikizo lake limeshuka. Mwanawe bado anasubiri kesi.