Dume Amenona, Mbegu Hazipo

Mwaka 1969 Eric Underwood, profesa wa Australia Magharibi aliyekuwa tayari na sifa kwa utafiti wake wa madini katika malisho ya kondoo, alichapisha pamoja na M. Somers matokeo ya jaribio ambalo mfugaji yeyote anayenunua dume kwa kumtazama umbo angepaswa kulijua. Kondoo dume wachanga walilishwa viwango tofauti vya zinki. Waliopata miligramu 2.4 tu kwa kila kilo ya chakula walidhoofika, na ndani ya wiki 20 hadi 24 korodani zao ziliacha kabisa kutengeneza mbegu. Hilo lilitarajiwa. Ajabu ilikuwa kwa waliopata takriban miligramu 17: walikula, wakakua, wakapendeza machoni, ila korodani zao zilidumaa. Ili korodani nazo zikue sawasawa, ilibidi kufika miligramu 32 hivi.

Zinki ikiwa haba, basi, korodani hukaa mwisho wa foleni. Mnunuzi mnadani anaona mgongo na mapaja, foleni haioni.

Vitamini A nayo ina tabia yake. Kondoo huitengeneza kutokana na karotini ya majani mabichi, kisha huihifadhi kwenye ini, akiba inayoweza kumvusha miezi kadhaa ya ukame. Kiangazi kikizidi urefu na akiba ikaisha, tishu zinazozaa mbegu huanza kuharibika. Vitamini E pia hupungua majani yakikauka, na kazi yake ni kulinda mafuta laini ya utando wa mbegu yasiharibiwe na oksijeni. Seleniamu ndiyo inayoimarisha sehemu ya kati ya mbegu, pale mkia unapoungana na kichwa. Ikikosekana, mikia huvunjika na mbegu haziogelei.

Wengi hukosea muda. Mbegu ya kondoo huchukua siku 47 hivi kuundwa, halafu kama wiki mbili nyingine kupita katika mrija uliojikunja nyuma ya korodani, ambako hukomaa. Dume anayepigwa sindano ya vitamini wiki moja kabla ya kupandishwa atapanda kwa mbegu zilizoanza kutengenezwa wakati wa njaa. Kirutubisho kianze miezi miwili kabla.

Nacho huziba pengo tu. Dume asiyepungukiwa, ukimwongezea, sioni atakachokurudishia zaidi ya risiti ya duka la pembejeo. Aliyekonda kwa kukosa chakula kwanza anahitaji chakula, si jiwe la kulamba madini: huko huko Australia Magharibi, madume waliolishwa mbegu za lupini, mmea wa jamii ya kunde, zenye protini na nishati nyingi, waliongezeka ukubwa wa korodani katika majuma machache.

Kuzidisha kuna hatari. Seleniamu ikizidi ni sumu. Shaba ni mbaya zaidi kwa kondoo, kwa sababu ini lake huilimbikiza kimyakimya kwa wiki au miezi, kisha siku moja huimwaga kwenye damu: chembe nyekundu hupasuka, mkojo hugeuka mwekundu au kahawia, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye zizi la mchanganyiko, anayewawekea kondoo madini ya ng'ombe, ndiye hasa anayepaswa kusoma kiasi cha shaba kilichoandikwa kwenye gunia.