Okidi ya Chupani: Namna ya Kuotesha Mbegu Isiyo na Masurufu

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa safarini kwenda Malindi. Gari liliposimama kando ya msitu, kijana mmoja alikuja dirishani na gunia. Ndani yake mlikuwa na okidi kubwa, mizizi yake bado imeng'ang'ania vipande vya gome la mti. "Chukua kwa mia tano, mama," akaniambia. Nilipomuuliza ameitoa wapi, akaonyesha miti nyuma yake.

Sikuinunua, ingawa nawapenda maua. Okidi ile naijua. Wataalamu huiita Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui, na huota juu ya matawi ya miti mikubwa ya misitu yetu. Huchukua miaka mingi kufikia ukubwa ule wa kujaza gunia. Ikishang'olewa mizizi hukatika, na nyingi hufia barazani kwa mnunuzi kabla hazijatoa ua la pili. Msituni nako pengo hubaki. Wazee wa Kimijikenda walikuwa na sababu walipokataza kutoa hata kijiti ndani ya kaya.

Lakini anayependa maua hana kosa kwa kuyapenda. Kumwambia aache tu hakusaidii. Afadhali tumwonyeshe njia nyingine. Njia hiyo ipo, nayo ni chupa ya kioo, sukari, maji ya dafu na subira. Nimeifuata kwa miaka miwili sasa, nimekosea mara nyingi, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwa nini chupa?

Tazama nazi. Inapoanguka ina nyama yake ndani, ina maji yake, na kumbi la kuikinga. Mche wake waweza kuishi miezi kwa chakula hicho kabla ya kutegemea ardhi. Kunde nayo, ndogo kama ilivyo, ina akiba yake. Kila mbegu husafiri na masurufu.

Mbegu ya okidi haina. Ni ndogo kama vumbi, na ndani yake hamna akiba ya chakula ya kutosha kukuza mche. Kifuko kimoja chaweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, na kwa baadhi ya aina hupita milioni. Upepo huzitawanya zote, na karibu zote hufa. Ukizimwaga kwenye chungu cha udongo nyumbani, utasubiri mpaka uchoke.

Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua siri ya zile chache zinazopona. Msituni mbegu huota inapokutana na kuvu fulani aliye kwenye gome au udongo. Kuvu huyo huingia ndani ya mbegu, na mbegu hupata chakula kutoka kwake. Kisha mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba mbegu yaweza kuota bila ya kuvu huyo, mradi ipewe sukari na madini.

Hapo ndipo chupa inapoingia, na hapo ndipo shida ilipo. Chakula chenye sukari hakiipendezi okidi peke yake. Kila ukungu unaoruka hewani unakitaka pia, nao hukua kwa siku mbili ilhali okidi inataka miezi. Chembe moja ya ukungu ikiingia, chupa imekwisha. Kwa hivyo kazi yote hii, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni kazi ya usafi.

Anzia mwisho

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni huu: usianze na mbegu. Anza na chupa iliyokwisha kuoteshwa na mkulima mzoefu, yenye miche 20 hadi 40 iliyo tayari kutolewa. Jifunze kwanza kuitoa na kuilea. Ukiweza hilo, ndipo urudi nyuma kwenye mbegu. Wengi huanza na mbegu, wakangoja mwaka mzima, kisha miche ikawafia yote wiki ya kwanza nje ya chupa kwa kuwa hawakujua kuilea.

Ukiagiza chupa kutoka nchi za nje, pata kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, na muuzaji atume cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kwa aina nyingi, miche iliyooteshwa kwa njia hii na kusafirishwa ndani ya vyombo safi vilivyofungwa huondolewa masharti ya mkataba huo, kwa sababu haikutoka msituni. Sheria yenyewe imekubali kwamba chupa hailidhuru pori.

Kupika chakula cha chupani

Kwa lita 1 ya chakula utahitaji:

- Maji ya mvua au maji yaliyotoneshwa. Usitumie maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya Pwani vina chumvi.
- Sukari nyeupe, gramu 20.
- Mbolea ya maji ya kawaida yenye madini yote, gramu 2.
- Maji ya dafu yaliyochujwa, mililita 100 hadi 150, yakiwa sehemu ya ile lita.
- Aga, gramu 8.

Aga ni ile inayogandisha faluda, inayojulikana madukani kwa jina la chaina grasi. Hutokana na mwani mwekundu. Lakini mwani unaolimwa na kina mama wa Kibuyuni kule Kwale hutoa kigandishi cha aina nyingine, kwa hivyo usidhani utauchemsha nyumbani upate kitu kile kile. Nguvu ya aga ya dukani hutofautiana, basi jaribu kikombe kimoja kwanza uone kama kinaganda vizuri.

Maji ya dafu si mapambo. Wanaootesha okidi duniani kote huyatumia, kwa kuwa yana vichocheo vya kukuza mimea. Ndizi mbivu iliyopondwa nayo hutumika, hasa miche inapokuwa mikubwa kidogo.

Pima uchachu kwa karatasi za kupimia. Tunataka 5.5 hivi. Tone la siki hushusha, chembe ya baikaboneti hupandisha. Ukizidisha uchachu, aga haitaganda.

Chemsha mpaka aga iyeyuke yote, kisha mimina kwenye chupa za jamu kwa kina cha vidole viwili. Toboa kifuniko tundu dogo, uzibe kwa pamba iliyoshindiliwa, ufunike kwa karatasi ya foili. Usikaze kifuniko kabisa. Panga chupa ndani ya presha kuka yenye maji kidogo chini, upike dakika 20 kuanzia presha inapopanda. Sufuria ya kawaida haitoshi, kwani maji yanayochemka tu hayaui mbegu zote za vijidudu. Zima moto uache presha ishuke yenyewe. Ukiifungua kwa pupa, chakula hufura na kulowesha pamba.

Zikishapoa kaza vifuniko, uziweke wiki nzima bila ya kupanda kitu. Itakayoota ukungu, itoe. Afadhali upoteze chakula kuliko mbegu.

Kupanda

Okidi rahisi ya kuanzia ni Phalaenopsis, ile inayouzwa kwenye maduka ya maua, yenye ua kama nondo aliyetandaza mbawa. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, utoe vile vidonge viwili vya manjano vya chavua vilivyo kwenye ncha ya kati ya ua, uvibandike kwenye kishimo chenye utomvu kilicho chini yake. Walimao vanila, ambayo nayo ni okidi, wanaijua kazi hii ya mkono. Huko kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alibuni njia nyepesi ya kuchavusha vanila, nayo ndiyo inayofuatwa hadi leo.

Ua likishika, kifuko kitavimba polepole. Kikate baada ya miezi minne au mitano, kikiwa bado kibichi na hakijapasuka. Hii ndiyo siri ya anayeanza: ndani ya kifuko kilichofungwa hamna ukungu. Uchafu uko nje peke yake, na nje waweza kukusafisha bila ya kuziunguza mbegu.

Kisugue kwa sabuni na mswaki. Kilaze kwenye jiki sehemu 1 na maji sehemu 4 kwa dakika 20. Wakati huo andaa sanduku la plastiki linaloona ndani, ulilaze ubavu, ulipake jiki iliyozimuliwa kila upande. Ndani yake weka chupa, kifuko, na kisu na koleo ndogo ulizozipika kwenye presha kuka zikiwa zimefungwa kwa foili. Vaa glavu zilizochovywa jiki, ingiza mikono, pasua kifuko, nyunyiza mbegu juu ya chakula na ufunge upesi. Usiwashe moto ndani ya sanduku wala karibu na spiriti. Mvuke wake hulipuka. Na usichanganye jiki na spiriti wala siki. Hutoa hewa ya sumu.

Jambo moja zaidi, na hili lilinigharimu. Mara yangu ya kwanza nilipanda chupa 12. Siku ya nne 11 zilikuwa na manyoya ya kijivu na kijani. Nilijilaumu kwa jiki, nikalaumu pamba, mpaka nilipokumbuka kwamba siku ile kulikuwa na joto na feni ya dari ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimeupepea ukungu wa nyumba nzima mpaka ndani ya chupa zangu. Zima feni, funga madirisha, uache vumbi litulie nusu saa kabla ya kuanza. Utatoka jasho, lakini chupa zitapona.

Chupa iliyoharibika usiifungue nyumbani. Ipike tena kwanza, ndipo uioshe.

Kusubiri

Weka chupa mahali penye mwanga wa wastani, pasipopigwa na jua. Dakika chache za jua zaweza kuichemsha miche ndani ya kioo. Joto la kawaida la nyumba zetu huifaa Phalaenopsis.

Baada ya wiki kadhaa utaona vidonge vya kijani vidogo kuliko kichwa cha pini. Hivyo bado si miche. Ni hatua ya kabla ya majani na mizizi. Vikisongamana, baada ya miezi mitatu au minne, vihamishie kwenye chupa zenye chakula kipya, kwa usafi ule ule. Kutoka kupanda hadi kutoa, hesabu mwaka mmoja hivi.

Kutoa chupani

Ndani ya chupa mche ulikuwa mwana wa mfalme: unyevu haupungui, upepo haupo, chakula ki mdomoni. Nje hauna lolote kati ya hayo, kwa hivyo usiutoe ghafla.

Mimina maji ya uvuguvugu ndani, utikise taratibu, uitoe miche kwa koleo. Osha aga yote kwenye mizizi kwa vidole, kwani sukari itakayobaki itaita ukungu. Ipande pamoja kwenye chungu kimoja chenye matundu, ndani ya makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande vidogo. Makumbi yetu hushika chumvi. Yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku kabla ya kuyatumia. Usipande kwenye udongo.

Funika chungu kwa chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga. Kila siku fungua kidogo zaidi ya jana, na baada ya wiki tatu au nne ondoa kabisa. Mwagilia maji ya mvua asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na usiku chukua tochi uwatafute konokono. Mmoja akipata nafasi atamaliza kazi yako ya mwaka.

Ua la kwanza laweza kuja miaka miwili au mitatu baadaye.

Na lile gunia?

Ile chupa yangu moja iliyopona ilinipa miche 30. Leo 14 iko hai, majani yake ni urefu wa kidole. Bado haijatoa ua. Mwenye haraka ataona ni kidogo, lakini hakuna mti hata mmoja uliobanduliwa gome kwa ajili yake.

Ansellia nayo ni miongoni mwa okidi zinazokubali kuoteshwa chupani. Kifuko kimoja, kutoka kwa mmea uliokwisha kumilikiwa kihalali bustanini, chaweza kutoa miche mingi kuliko magunia yote ya kijana yule. Yeye alipanda mti, akahatarisha shingo yake na kuvunja sheria kwa shilingi mia tano, na kesho atalazimika kwenda mbali zaidi kwa sababu mti wa karibu umekwisha. Mikono inayoweza kupanda mti ule yaweza kushika koleo. Anachokosa ni wa kumfundisha, na sisi wanunuzi wa kumuuliza kila mara kabla ya kutoa pesa: hii imeoteshwa, au imeng'olewa?