Joto Lisiloonwa na Fyuzi

Kipuliza hewa moto ni chombo ambacho siku hizi hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Umbo lake hufanana na bastola. Mafundi hukitumia kubambua rangi kuukuu, kulainisha bomba la plastiki ili lipindike, au kusinyaza mrija wa plastiki unaofunika kiungo cha waya. Ndani yake mna vitu viwili vya maana: waya wa nikromu uliozungushwa juu ya kipande cha ulanga, na feni ndogo inayosukuma hewa ipite katika waya huo. Hewa itokayo mdomoni yaweza kufikia nyuzi 500 au 600 za Selsiasi.

Watu huuogopa mdomo huo, na wana sababu: karatasi huwaka katika joto lisilofikia nusu ya hilo. Lakini katika nyumba nyingi hatari iliyo kubwa zaidi hukaa upande wa pili wa waya, kwenye plagi na soketi, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kibandiko cha chombo husema wati 2000. Kwa umeme wa volti 230, mkondo utakaopita ni 2000 ikigawanywa kwa 230, yaani ampea 8.7. Plagi ya pini tatu bapa, inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, imekusudiwa kubeba hadi ampea 13. Basi kwa hesabu hiyo hakuna shaka yoyote. Hesabu ni sahihi, ila imechukulia kwamba kila skrubu imekazwa na kila pini inashikwa barabara.

Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alichapisha kanuni ambayo wanafunzi wa fizikia huijua: joto linalozaliwa katika waya hulingana na ukinzani wake, na pia na mraba wa mkondo. Neno la kuzingatia hapo ni mraba. Ikiwa skrubu ya soketi imelegea na kuongeza ukinzani wa omu 0.3 tu, redio ya wati 20, ambayo huhitaji chini ya ampea 0.1, itazalisha hapo joto lisilofikia hata sehemu moja ya mia ya wati. Soketi hiyo yaweza kutumika miaka kumi bila dalili yoyote. Siku kitakapochomekwa kipuliza hewa, mkondo utaongezeka karibu mara mia, na joto karibu mara elfu kumi. Zitapatikana takriban wati 22 mahali padogo kama punje ya mchele, yaani karibu sawa na chuma kidogo cha kulehemia waya, kikiwa kimefichwa ndani ya ukuta.

Je, fyuzi haitakatika? Haitakatika. Fyuzi hupima mkondo, haipimi joto la soketi. Tena kiungo kilicholegea huongeza ukinzani, na hivyo mkondo hupungua kidogo badala ya kuzidi. Kwa fyuzi, mambo ni shwari. Swichi ya kinga iliyo kwenye kisanduku cha umeme nayo haina habari. Anayeweza kugundua ni mtu mwenyewe: baada ya dakika tano za kazi, azime swichi na kugusa plagi kwa nje. Uvuguvugu si neno. Ikiwa moto kiasi cha mkono kukataa, au plastiki imegeuka rangi ya kahawia, au pana harufu inayokaribia ile ya samaki, soketi hiyo isitumike tena mpaka fundi aibadilishe.

Waya mrefu wa kuunganishia una hila yake. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.75 na urefu wa mita 20 una ukinzani wa takriban omu 1, kwenda na kurudi. Hapo hupotea karibu wati 70. Ukinyooshwa sakafuni, joto hilo hutawanyika hewani. Ukiachwa umeviringwa, mizunguko ya ndani hupikwa na ya nje, na plastiki ya kawaida ya waya huo haikukusudiwa kuvuka nyuzi 70. Zaidi ya hayo, baadhi ya waya za bei nafuu ni za alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake huzidi wa shaba zaidi ya mara moja na nusu. Ukikwaruzwa kwa kisu, weupe huonekana.

Kuchomeka chombo hiki kwenye holda ya balbu ni jambo la kukatazwa kabisa, kwani nyaya za taa huwa nyembamba na fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 5. Wala birika la umeme lisitumike pamoja nacho kwenye waya mmoja wa kuunganishia. Kazi ikiisha, feni iachwe ipulize hewa baridi kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Waya wa nikromu usiopitiwa na hewa hubaki na joto la kutosha kuunguza plastiki inayouzunguka, na vyombo vingine vya bei ya chini havina swichi ya kukata umeme joto linapozidi.