Mbwa akikojoa damu, usikimbilie dawa ya ng'ombe

WAFUGAJI wengi wa kuku Ruvu, upande wa Mlandizi na hata Kisarawe, hulaza banda mikononi mwa mbwa. Siku mbwa huyo akikojoa mkojo mwekundu, pilika huanza, na mara nyingi huanzia kwenye masalia ya dawa za ng'ombe. Hapo ndipo wengine hupoteza mlinzi.

Mkojo mwekundu si ugonjwa mmoja. Kinga kidogo kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie saa moja au mbili. Damu ikizama chini na juu kukabaki njano, tatizo huenda liko kwenye figo, kibofu au njia ya mkojo: maambukizi, ambayo huwasumbua zaidi majike, au mawe. Rangi ikibaki kama chai ya rangi juu hadi chini, na fizi zimepauka au zimekuwa njano, shuku ugonjwa wa kupe.

Dume anayejikamua bila tone kutoka asisubiri kesho. Jiwe likiziba, kibofu kinaweza kupasuka.

Ugonjwa wa kupe hutibika, ila kipimo cha dawa ndicho mtego. Diminazini, ule unga wa njano unaochanganywa na maji kwa ajili ya ng'ombe, ikizidi kwa mbwa hudhuru ubongo. Kukadiria uzito kwa macho ni kamari.

Kuna na panya. Mbwa aliyekula sumu ya panya ya aina inayozuia damu kuganda anaweza kukojoa damu. Mpelekee daktari pakiti yake, kwani tiba ni vitamini K. Panya huyohuyo hueneza leptospirosi, iliyotambuliwa Ruangwa, Lindi, Julai 2022 kwa jina la homa ya mgunda, watu 20 wakiugua na watatu kufariki. Vimelea hutoka kwenye mkojo wa wanyama, mbwa wakiwamo, na hudumu kwenye maji na udongo wenye unyevu. Wakazi wa bonde la mpunga wanaijua hali hiyo kila mto unapofurika. Anayesafisha banda la mbwa mgonjwa avae glavu na buti, na akipatwa na homa amweleze mganga habari za mbwa huyo.

Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuanzia. Sampuli ya damu na mkojo ichukuliwe kabla ya sindano yoyote. Maabara ya TVLA iliyopo Temeke haiko mbali na Kibaha.