Faili la Rubani Livuke Mpaka Pamoja Naye

(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi leseni ya urubani inavyopatikana. Leo tuitazame inapofika mpakani. Rubani aliyepewa leseni na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya anaweza kuruka kutoka uwanja wa Moi hapa Mombasa akatua Unguja asidaiwe leseni nyingine, maadamu ndege yake imesajiliwa Kenya na ubavuni ina alama ya 5Y. Lakini akiajiriwa na kampuni ya Unguja, akakabidhiwa ndege iliyosajiliwa Tanzania, yenye alama ya 5H, leseni hiyo peke yake haimtoshi, hata ndege ikiwa ya aina ile ile na njia ikiwa ile ile ya juu ya Pemba. Mkataba wa Chicago wa 1944, katika kifungu cha 32, unataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi iliyosajili ndege. Ni kanuni ya haki, kwani nchi inayobeba dhamana ya ndege lazima imjue anayeirusha. Swali ni, itamjua kwa njia gani?

Jibu langu ni kwamba itamjua kwa faili lake. Kadi ya leseni haielezi zaidi ya kwamba mtu alifaulu. Faili ndilo linaloonyesha mitihani yake, na hasa mwenendo wa afya yake mwaka hadi mwaka: macho, masikio, moyo, dawa alizowahi kuandikiwa. Daktari wa marubani anayempima mtu kwa mara ya kwanza, bila kumbukumbu za nyuma, humwona kama alivyo siku ile tu. Maradhi yanayonyemelea polepole yanaweza kumpita. Umoja wa Ulaya umelizingatia hilo. Huko rubani hushika leseni moja inayokubalika katika nchi zote wanachama, na akitaka kuhamia mamlaka ya nchi nyingine, ile ya zamani hupeleka kumbukumbu zake, za afya zikiwemo, kwa ile mpya, kisha kadi ya kwanza hurudishwa. Marubani wengi wenye leseni za Uingereza walipita njia hiyo kabla ya tarehe 31 Desemba 2020, wakahamia nchi kama Ireland na Austria, ili kujitoa kwa Uingereza kusiwakatie riziki.

Afrika Mashariki si mgeni wa jambo hili. Kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977, usafiri wa anga wa Kenya, Uganda na Tanzania ulikuwa chini ya kurugenzi moja. Leo kila nchi ina mamlaka yake na kabati lake la mafaili, ingawa CASSOA, wakala wa Jumuiya wenye makao Entebbe, umekuwa ukioanisha kanuni tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, inaahidi kutambuana kwa sifa za kitaaluma. Kanuni zikishafanana, kumtaka mtu aanze kujieleza upya hakuongezi usalama wowote.

Wapo watakaosema siri za mgonjwa hazitembezwi kutoka nchi hadi nchi. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na Tanzania yake mwaka 2022. Sheria hizo, hata hivyo, hazikatazi taarifa kuvuka mpaka, zinaweka masharti. Faili likitoka kwa daktari wa mamlaka moja likapokewa na daktari wa mamlaka nyingine, kwa ridhaa iliyotiwa saini na rubani mwenyewe, siri inabaki mikononi mwa walioapa kuitunza. Wengine wanahofia vijana wa nchi moja kunyang'anywa kazi na wa nchi nyingine. Hilo ni suala la kibali cha kazi, na idara inayohusika ina uwezo wa kukitoa au kukinyima bila kuligusa faili la afya. Tukiitumia leseni kulinda ajira, tutakuwa tumemzuia rubani mzima kwa kisingizio cha usalama, na kumbukumbu za aliye mgonjwa zitabaki ng'ambo ya mpaka, asikozisoma daktari anayempima.